Wembe, Nta na Uaminifu

Kila asubuhi, saa mbili kasorobo, Mwalimu hupanga vipande vyake vya nta juu ya barafu. Vina ukubwa wa kibiriti, vyeupe, na kila kimoja kimeshikana na kijikasha cha plastiki chenye namba iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwenye kemikali na penseli hubaki. Katikati ya kila nta kuna doa la rangi ya chai ya maziwa, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Doa hilo ni kinyama kilichotolewa kwenye titi la mwanamke fulani, na saa hiyo mwenyewe yuko nyumbani anasubiri simu.

Nilimkuta katika maabara ya patholojia ya hospitali moja jijini Dar es Salaam, wakati nikikusanya habari za kuandika kuhusu utafiti wa saratani ya matiti. Nilikuwa na orodha ya maswali kwenye daftari. Ni tafiti zipi zinanukuliwa zaidi duniani? Mkondo wa utafiti umehama kutoka wapi kwenda wapi? Sauti ya Afrika inasikika kiasi gani? Daktari mkuu wa idara alinisikiliza, akanijibu mawili matatu, kisha akaniambia niende kwanza chumba cha ndani nikakae na Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwamkia kwa jina ambalo idara nzima humwita, maana vijana wengi wa maabara ile wamejifunzia mikononi mwake.

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo. Usiegemee meza."

Sikuelewa kwa nini nisiegemee hadi nilipomwona akianza kukata. Mbele yake kulikuwa na maikrotomu, mashine ya chuma yenye gurudumu la mkono upande wa kulia na wembe uliofungwa mbele kwa pembe maalumu. Nta hufungwa kwenye kishikio, na kila gurudumu linapozunguka mara moja, kishikio hushuka kupita kwenye wembe, kikapanda, kikasogea mbele kwa mikromita nne. Unywele wa mtu una unene wa kama mikromita 70. Ungelazimika kuuchana unywele mmoja vipande zaidi ya 15 ili upate wembamba wa kile anachokata Mwalimu. Meza ikitikisika kidogo tu, kipande kinatoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, na daktari atakayekitazama ataona mawimbi mahali palipotakiwa kuwa na seli.

Mizunguko ya kwanza huitupa. Hiyo ni ya kusawazisha uso wa nta mpaka kinyama chote kijitokeze. Hapo husimama, akakirudisha kipande kwenye barafu kwa dakika kadhaa ili nta na nyama vigande kwa ugumu unaolingana. Kisha hukifunga tena, akasogeza uso karibu na kukipulizia pumzi mara moja, taratibu, kama mtu anayefuta miwani. Unyevu wa pumzi hulainisha uso wa kinyama. Halafu gurudumu linaanza kuzunguka kwa mwendo mmoja usiobadilika, na kutoka kwenye makali ya wembe unatoka utepe mweupe, kipande kimeshikana na kipande, mrefu kama kiganja. Anaudaka kwa ncha ya brashi ndogo na kuulaza juu ya maji ya uvuguvugu kwenye beseni jeusi. Utepe unatanuka na mikunjo inafunguka yenyewe. Ukiutazama kwa upande, unafanana na utando unaokaa juu ya maziwa yaliyopoa.

Kutoka hapo huchukua kioo, akakizamisha kwa mshazari chini ya utepe na kukiinua. Kipande kinakaa juu ya kioo bila kasoro hata moja. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi kwa asubuhi nne, na kila mara nilijikuta nimebana pumzi.

Kilichonigusa zaidi kilikuja baada ya hapo. Kila alipomaliza kinyama cha mtu mmoja, kabla hajagusa cha mwingine, alichukua karatasi laini na kuipitisha juu ya uso wa maji, ukingo hadi ukingo, akaitupa. Nilimwuliza kwa nini anafanya hivyo hata pale maji yanapoonekana safi. Akaniambia kwamba chembe isiyoonekana ya mgonjwa mmoja inaweza kubaki inaelea, ikanasa kwenye kioo cha mgonjwa mwingine. Daktari ataona seli za saratani kwenye kioo cha mwanamke ambaye hana saratani. "Huyo mama atakatwa titi kwa ajili ya uvivu wangu wa sekunde tatu," alisema, na mkono wake ulikuwa tayari unafuta maji tena.

Nilirudi kwenye daftari langu la maswali nikiwa na macho mengine.

Saratani ya matiti ni miongoni mwa magonjwa yanayoandikwa sana katika majarida ya sayansi, na haki yake ipo. Mwaka 2022 pekee, wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa nayo, na watu 670,000 hivi walikufa kwa ugonjwa huo. Makala zinazochapishwa ni nyingi kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kuzisoma zote, hata angeishi maisha mawili. Ndiyo maana wanasayansi walitafuta njia ya kujua ipi ina uzito. Mwaka 1955, Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza kuwe na faharasa ya nukuu: badala ya kuorodhesha makala kwa mada tu, iorodheshe nani amemtaja nani. Katika miaka ya 1960 faharasa hiyo ilianza kuchapishwa, na kutoka kwake kikazaliwa kipimo ambacho leo wahariri na vyuo vikuu hukitazama kwa hamu: chukua makala ambazo jarida limechapisha katika miaka miwili iliyopita, hesabu zimetajwa mara ngapi mwaka huu, gawanya kwa idadi yake. Namba inayotoka ndiyo hutumika kusema jarida hili ni zito na lile ni jepesi.

Kipimo hicho kina faida yake. Lakini fungua makala yoyote nzito ya saratani ya matiti, nenda kwenye sehemu inayoeleza mbinu zilizotumika, na mara nyingi utakuta sentensi moja, kavu, inayosema kwamba vinyama vilihifadhiwa kwa formalini, vikazamishwa katika nta na kukatwa kwa unene wa mikromita nne. Msomaji huipita mbio kwenda kwenye matokeo. Sentensi hiyo ndiyo maisha yote ya kazi ya Mwalimu. Matokeo yote yanayofuata, majedwali, michoro, nukuu elfu na moja, yamesimama juu yake kama nyumba juu ya msingi uliofukiwa.

Na msingi huo huanza hata kabla kinyama hakijafika mezani kwake. Huanza pale daktari wa upasuaji anapokitoa mwilini.

Nyama ikishatengwa na damu huanza kujila yenyewe. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli hufunguka na kuvunja kile kilichovizaa. Formalini husimamisha uharibifu huo. Daktari Mjerumani Ferdinand Blum aliligundua jambo hili alipokuwa akichunguza uwezo wa formalini kuua vijidudu: aliona ngozi ya vidole vyake mwenyewe imekakamaa kwa kuishika, akafikiri kwamba kama inaweza kukakamaza ngozi ya mtu aliye hai, inaweza pia kuhifadhi viungo kwa ajili ya hadubini. Alichapisha habari hiyo mwaka 1893. Kutoka kwenye vidole hivyo, maabara za dunia nzima zikapata njia ya kuuzuia muda.

Ila formalini haina haraka. Inapenya kwenye nyama kwa kadiri ya milimita moja kwa saa, na titi lina mafuta mengi yanayoichelewesha zaidi. Titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, nje patahifadhika na katikati pataoza. Inatakiwa lipasuliwe vipande vyembamba mapema, formalini iwe nyingi kuliko nyama kwa mara kumi au zaidi, na saa iandikwe. Mwaka 2010, jumuiya mbili za Marekani, ya madaktari wa saratani na ya wanapatholojia, zilitoa mwongozo ambao umekuwa kama sheria kwa wanaopima vipokezi vya homoni: kinyama kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kitolewe, kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Chini ya hapo kitakuwa kimeiva nje na kibichi ndani. Zaidi ya hapo protini zitakuwa zimefungana mno kiasi cha kushindwa kupimwa vizuri.

Waswahili walisema samaki mkunje angali mbichi. Wao walizungumzia malezi, lakini sijapata kuona mahali ambapo methali hii inafanya kazi kwa usahihi kuliko kwenye kopo la formalini. Mnunuzi mzoefu pale soko la samaki la Feri hafungui pochi kabla hajafunua shavu la samaki na kutazama wekundu wake. Anajua kwamba kilichoharibika kwenye mashua hakitengenezwi jikoni. Mwalimu naye hufungua kila kopo, akalitazama, akasoma fomu: kimetolewa saa ngapi, kimetiwa formalini saa ngapi.

Siku ya pili ya kukaa kwangu kililetwa kinyama kutoka hospitali ya mbali, kimefungwa kwenye chachi iliyoloweshwa maji ya chumvi, ndani ya kopo lisilo na saa wala tarehe. Kilikuwa kimesafiri usiku kucha kwa basi. Mwalimu hakulalamika. Alikishika kwa koleo, akakitazama muda mrefu, akakitia kwenye formalini, akaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa jinsi kilivyofika. Kisha akapiga simu. "Daktari, habari za kazi. Mzigo wako umefika, nakushukuru. Sasa naomba nikuelekeze jambo moja mwanangu, ili mara nyingine tusimpotezee mgonjwa muda." Aliongea naye robo saa. Alimweleza namna ya kupata formalini, kiasi cha kutia, na saa ya kuandika. Alipokata simu akaniambia kijana yule atakuwa daktari mzuri, kwa sababu aliuliza maswali.

Kwa nini saa chache ziwe na uzito wote huo? Jibu limo katika moja ya safari ndefu za utafiti wa ugonjwa huu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Chicago, Elwood Jensen alifuatilia homoni ya estrojeni ndani ya mwili wa panya na kuona kwamba tishu fulani huishika na kuibakiza, kwa sababu zina kipokezi chake, kama kufuli lenye tundu la ufunguo wake peke yake. Baadhi ya saratani za matiti zina kufuli hilo, nyingine hazina. Zenye nalo hukua kwa kulishwa na homoni, na unaweza kuzizuia kwa kuziba tundu. Dawa iitwayo tamoksifeni hufanya hivyo. Mwaka 1998, watafiti walioratibiwa kutoka Oxford waliunganisha takwimu za majaribio 55 yaliyohusisha wanawake wapatao 37,000, wakaonyesha kwamba wenye saratani ya aina hiyo wakimeza tamoksifeni kwa miaka mitano, kurudi kwa ugonjwa hupungua kwa karibu nusu. Kwa wasio na kipokezi, dawa haikusaidia lolote la maana.

Kwa hiyo maisha ya mwanamke yanaweza kutegemea swali moja: kipokezi kipo au hakipo? Jibu hupatikana kwenye kioo cha Mwalimu. Kipande hupakwa kingamwili inayokitafuta kipokezi, kisha rangi. Kipokezi kikiwepo, viini vya seli hugeuka kahawia. Kwa mwongozo ule wa 2010, hata viini vya asilimia moja tu vikigeuka rangi, jibu ni ndiyo na dawa inafaa kufikiriwa. Lakini kinyama kilichochelewa kwenye formalini hupoteza kipokezi chake. Kioo kitabaki buluu, na fomu itaandikwa "hasi", na mwanamke atakosa kidonge cha bei nafuu ambacho kingemsaidia.

Daktari wa patholojia, aliyekuwa akinifundisha kutazama, alinionyesha jinsi wenye ufundi wanavyojilinda na kosa hilo. Kando ya saratani, kwenye kioo hicho hicho, mara nyingi kuna mirija ya kawaida ya maziwa, isiyo na ugonjwa. Mirija hiyo ina vipokezi kwa maumbile. Kabla hajaandika "hasi", huitafuta. Ikiwa nayo haikugeuka kahawia, basi kinyama ndicho kilichoharibika au kipimo ndicho kilichoshindwa, na hana haki ya kutoa jibu. Huomba kipande kingine. "Mirija mizima ndiyo shahidi wangu," alisema. "Shahidi akinyamaza, hukumu haitoki."

Sasa fikiria kosa hilo likizidishwa kwa mamia ya vioo, kisha likaingia kwenye majarida. Kwa miaka mingi, machapisho kadhaa yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya wanawake Waafrika wana saratani isiyo na vipokezi. Dhana ikajengeka kwamba saratani ya Mwafrika ni ya aina nyingine kabisa, na hoja ikafuata: kama wengi hawana vipokezi, kuna faida gani kuwapa tamoksifeni? Mwaka 2014, katika jarida la PLoS Medicine, kundi la watafiti lilikusanya tafiti 80 kutoka Afrika ya Kaskazini na kusini mwa Sahara na kuzipanga kwa swali ambalo Mwalimu angeliuliza kwanza: kinyama kilishughulikiwaje? Walipotenganisha tafiti zilizotumia nta za zamani za ghalani na zile zilizokusanya vinyama vipya kwa utaratibu uliopangwa, tofauti ilijitokeza. Kwenye nta za ghalani, waliokutwa na vipokezi walikuwa pungufu kwa kama asilimia 10. Kwenye vinyama vilivyokusanywa vizuri, zaidi ya nusu ya wanawake wa kusini mwa Sahara walikuwa na vipokezi vya estrojeni.

Ni kweli kwamba saratani zisizo na vipokezi ni nyingi zaidi kwa wanawake wa Afrika kusini mwa Sahara kuliko kwa wa Ulaya, na hilo linastahili utafiti wake. Lakini sehemu ya ile picha iliyotutisha ilikuwa kivuli cha makopo yaliyochelewa. Niliposoma makala hiyo usiku, nilimkumbuka yule kijana wa hospitali ya mbali na robo saa ya simu. Simu ile ilikuwa mchango kwa sayansi ya bara zima, ingawa hakuna faharasa itakayoihesabu.

Asubuhi ya tatu nilihamia kwenye hadubini yenye vichwa viwili, daktari upande mmoja na mimi upande wa pili. Aliweka kioo kilichopakwa rangi mbili za kila siku: hematoksilini, inayotokana na mti wa Amerika ya Kati na hugeuza viini kuwa zambarau na buluu, na eosini, inayogeuza vilivyobaki kuwa waridi. Titi la kawaida ni zuri kulitazama. Mirija imepangwa kama vishada, seli zimejipanga ukutani kila moja mahali pake, na katikati kuna uwazi wa kupitishia maziwa. Kisha akasogeza kioo, na mpangilio ukavunjika.

Kazi yake hapo ni kusema umevunjika kiasi gani. Anatazama mambo matatu na kila moja hulipa alama 1 hadi 3. Kwanza, saratani bado inajenga mirija? Zaidi ya asilimia 75 ya uvimbe ikiwa bado na mirija ni alama 1, chini ya asilimia 10 ni alama 3. Pili, viini vya seli vimepotoka kiasi gani ukilinganisha na vya kawaida? Tatu, ni seli ngapi zimenaswa zikigawanyika? Anajumlisha. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la kwanza, 6 au 7 la pili, 8 au 9 la tatu, ambalo ndilo kali zaidi.

Kuhesabu seli zinazogawanyika ndiko kulikonifunza subira ni nini. Huenda kwenye ukingo wa uvimbe, mahali unapokua kwa kasi, akatazama duara kumi za hadubini, moja baada ya nyingine, bila kuruka wala kurudia. Katika kila duara hutafuta kiini kilichopoteza utando wake, nyuzi zake zimejikusanya kama kamba iliyokunjwa au zimejitenga pande mbili kama wavuta kamba. Kuna seli nyingi zinazofanana na hizo kwa mbali: zilizokufa na kusinyaa, zilizobanwa wakati wa kukata, zilizochelewa formalini. Aliniachia mimi nihesabu duara moja. Nilipata saba. Yeye alipata tatu. Tulizipitia pamoja, na katika zile nne zangu za ziada alinionyesha moja moja kwa nini si zenyewe: ile ukingo wake umelainika, ile ina waridi kali pembeni kwa hiyo imekufa, ile haieleweki. "Isiyoeleweka usiihesabu," alisema. Alitumia dakika ishirini kwenye kioo kimoja, na matokeo yalikuwa namba moja kwenye mstari mmoja wa ripoti.

Namba hiyo ina ukoo. Mwaka 1928 huko London, Patey na Scarff walieleza jinsi sura ya saratani ya titi chini ya hadubini inavyohusiana na maisha ya mgonjwa baadaye. Mwaka 1957, Bloom na Richardson walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,409, ambao 359 kati yao walikuwa wamefuatiliwa kwa miaka 15. Fikiria subira hiyo: kukata, kutazama, kuandika daraja, kisha kungoja miaka kumi na mitano ili kujua kama ulichokiona kilikuwa na maana. Hata hivyo madaktari wengi hawakuutumia utaratibu huo, wakisema watu wawili wakitazama kioo kimoja watatoa madaraja mawili.

Huko Nottingham, Uingereza, Christopher Elston na Ian Ellis waliichukua lawama hiyo kwa uzito. Waliweka mipaka: asilimia za mirija ziwe hizi, viini vilinganishwe na hivi, seli zihesabiwe katika eneo lenye ukubwa unaojulikana, kwa sababu hadubini hazina duara za ukubwa mmoja. Mwaka 1991 walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,831 waliopewa daraja kwa njia hiyo, na tofauti ya kuishi kati ya wenye daraja la kwanza na wenye madaraja ya juu ilikuwa wazi kabisa. Makala yao imenukuliwa maelfu ya mara.

Hawakugundua dawa wala kijidudu. Walichokifanya ni kueleza, kwa uwazi ambao mtu wa Nairobi, Kampala au Muscat anaweza kuufuata, namna ya kutazama. Ni makala ya fundi kwa mafundi. Inanukuliwa kwa sababu inatumika, na kila asubuhi hutiiwa na macho ya watu ambao hawataandika makala hata moja maishani mwao. Huo ndio uzito wa chapisho ninaouheshimu kuliko wote.

Lakini katika miaka hiyo hiyo mkondo wa utafiti ulianza kuelekea kwenye jeni. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wingi wa jeni ya HER2 huambatana na saratani kali, na kufikia 1998 dawa ya kuilenga, trastuzumabu, ilikuwa imeidhinishwa Marekani. Mwaka 2000, Charles Perou na wenzake waliigawa saratani ya matiti kwa sura za jeni zake. Kuna wanaosema zama za hadubini zinapita. Nilimwuliza Mwalimu kuhusu hilo asubuhi ya nne. Aliinuka, akanipeleka ghalani.

Ni chumba kirefu chenye makabati ya droo ndogo ndogo, baridi, kimya. Akavuta droo moja. Nta zilikuwa zimepangwa kwa namba, mamia kwa mamia, nyingine zimegeuka njano kwa umri. Nikamweleza kisa nilichokuwa nimekisoma: mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha kipimo cha jeni 21 kinachokadiria hatari ya saratani kurudi. Hawakungoja wagonjwa wapya kwa miaka kumi. Walifungua nta za wanawake walioshiriki jaribio lililoanza mwaka 1982, wakakata vipande, wakatafuta mabaki ya ujumbe wa jeni ndani yake. Kati ya nta 675, waliweza kusoma 668. Leo wanawake wengi huepushwa tiba kali wasiyoihitaji kwa sababu ya kipimo hicho.

Mwalimu alisimama na droo mkononi. "Mia sita na ngapi?"

"Sitini na nane. Kati ya mia sita sabini na tano."

Alinyamaza kidogo. "Basi walikuwa na mafundi wazuri," alisema.

Hakuwa anawasifu waandishi wa makala. Aliwasifu watu wa miaka ya 1980 waliokata, wakakausha, wakazamisha na kuandika namba kwa penseli, bila kujua kwamba miaka mingi baadaye mtu angerudi na swali ambalo kwao halikuwa limezaliwa. Kila mwenye kufanya kazi hii vizuri humfanyia pia mgonjwa ambaye bado hajaugua.

Tuliporudi chumbani, kopo jipya lilikuwa limefika. Lilitoka hospitali ile ile ya mbali. Mwalimu alilifungua: formalini ilikuwa imejaa, kinyama kimetulia chini, na kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni, kwa mwandiko wa haraka, ziliandikwa nyakati mbili. Kutolewa, saa nne na dakika kumi. Kutiwa formalini, saa nne na dakika ishirini na tano. Alizisoma kwa sauti, taratibu, mara mbili. Kisha akachukua penseli yake, akaandika namba kwenye kijikasha, akafuta maji ya beseni kutoka ukingo hadi ukingo, na kuketi kuendelea na kazi.